Je, Wajua? Ukomo wa Ubunge na Wale Wenye Mlango Mmoja

Pita Soweto ya Mbeya siku yoyote ya msimu wa uchaguzi, usimame panapouzwa kahawa, useme tu neno "ukomo". Hutapata nafasi ya kusema la pili. Wapo watakaotaka kila mbunge apewe miaka kumi afungashe virago. Wapo watakaouliza kwa nini umwondoe anayefanya kazi. Safu hii haiamui ugomvi huo. Inakusanya mambo ambayo mara nyingi hayafiki mezani, hasa juu ya wale ambao si wengi Bungeni: wanawake, watu wenye ulemavu, watu wenye ualbino, jamii ndogo ndogo.

Je, wajua kwamba Katiba ya Tanzania ya 1977 inamwekea Rais ukomo, lakini mbunge haimwekei kabisa? Ibara ya 40 inasema vipindi viwili, basi. Ibara ya 67, inayotaja sifa za mbunge, inadai awe na umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa. Juu ya idadi ya vipindi, iko kimya.

Wajua ukimya huo umezaa nini? William Lukuvi aliingia Bungeni kwa jimbo la Isimani, Iringa, mwaka 1995. Mtoto aliyezaliwa Isimani mwaka ule alifikisha umri wa kupiga kura bila kumjua mbunge mwingine.

Lakini je, wajua kwamba miaka mingi ndiyo iliyoipa nchi hii Spika wake wa kwanza mwanamke? Anne Makinda aliingia Bungeni mara ya kwanza mwaka 1975, akiwa na miaka 26. Akawa Naibu Spika mwaka 2005, na mwaka 2010 akakalia kiti chenyewe, akiwa mbunge wa Njombe Kusini wakati Njombe bado iko ndani ya Mkoa wa Iringa. Piga hesabu: kutoka siku alipoapa hadi siku aliposhika rungu ni miaka 35. Kwa ukomo wa vipindi viwili, angekuwa ameaga mwaka 1985, na rungu lingeshikwa na mwingine ambaye huenda asingekuwa mwanamke. Mtu anayetetea ukomo anapaswa kuanza kwa kujibu hesabu ya Makinda, si kuikwepa.

Je, wajua kwamba Mbeya ilitoa jibu la namna nyingine? Dk. Tulia Ackson hakusubiri miaka 35. Mwaka 2015 aliteuliwa na Rais kuwa mbunge, na katika mwezi huohuo wa Novemba Bunge likamchagua kuwa Naibu Spika. Mwaka 2020 aligombea jimbo la Mbeya Mjini akamshinda Joseph Mbilinyi, yule Sugu wa muziki, aliyekuwa amelishika kwa vipindi viwili kupitia Chadema. Februari 2022 akawa Spika, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Mlango wake wa kwanza ulikuwa uteuzi. Katiba inamruhusu Rais kuteua wabunge wasiozidi 10, na angalau watano kati yao lazima wawe wanawake. Kwa hiyo kuna njia ya mkato kuelekea juu, ila ufunguo wake haumo mikononi mwa mpigakura wa Soweto wala wa Mwanjelwa.

Wajua viti maalumu vya wanawake vilianza na vingapi? Kumi na tano, mwaka 1985. Baadaye vikahesabiwa kwa asilimia: 15 katika uchaguzi wa 1995, 20 mwaka 2000, na tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005, si chini ya asilimia 30 ya wabunge. Katika Bunge lililoanza 2020 vilikuwa 113, majimbo yakiwa 264. Chama kinachopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge ndicho kinachogawiwa, na majina hutoka kwenye orodha ambayo chama chenyewe kimeipanga. Mwananchi hapigii kura jina hata moja.

Hapa ndipo penye kiini cha safu hii, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Je, wajua kwamba mwaka 2025 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM iliweka ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano kwa ubunge na udiwani wa viti maalumu? Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: viti hivi ni shule, si ajira ya kudumu. Mwanamke aingie, ajifunze, ajijenge, kisha atoke akagombee jimbo na kumwachia mwenzake nafasi. Wengi waliipigia makofi, na ukweli ni kwamba kulikuwa na majina yaliyozoeleka kwenye orodha zile kiasi kwamba binti aliyemaliza chuo hakuona pa kupenya.

Sasa geuza upande wa pili. Ukomo huo uliwekwa kwa viti maalumu. Kwa majimbo haukuwekwa. Mwanamume aliyeshinda jimbo anaweza kulala humo miaka thelathini bila kuulizwa na kanuni yoyote. Mwanamke aliyepita kwenye orodha anaulizwa baada ya kumi. Na anaambiwa aende wapi? Aende kwenye jimbo lilelile ambalo mwenye nalo hana ukomo. Ni sawa na kumwambia mpangaji ahame wakati nyumba zote za mtaa zimeshikwa na watu wasiotakiwa kuhama. Mimi siamini kwamba ukomo huo ni mbaya. Naamini umewekwa upande mmoja.

Wajua pia kwamba muda huo wa shule hauna vifaa sawa na vya mwenye jimbo? Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009, unakwenda kwenye majimbo. Mbunge wa viti maalumu hana jimbo, hivyo hana mfuko. Anaweza kuahidi mabati kwa shule ya msingi, lakini atayatafuta kwa marafiki na wafadhili. Miaka kumi ikiisha anakwenda kushindana na mtu ambaye jina lake limeambatana na madarasa, vyoo na visima vilivyojengwa kwa mfuko huo.

Na je, wajua kwamba mbunge wa viti maalumu hawezi kuwa Waziri Mkuu? Ibara ya 51 inamtaka Rais amteue mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo la uchaguzi. Hata akikaa vipindi viwili, vitatu au saba, mlango huo umefungwa kwake.

Wajua kwamba wapo waliovuka? Anne Kilango Malecela alitoka viti maalumu akachukua Same Mashariki mwaka 2005. Jenista Mhagama, jirani zetu wa Ruvuma wanamfahamu, alifanya hivyo mwaka huohuo kwa jimbo la Peramiho. Halima Mdee aliingia kwa viti maalumu 2005, akachukua Kawe 2010. Ester Bulaya alifanya kubwa zaidi: alitoka viti maalumu vya CCM, akahamia Chadema, na mwaka 2015 akamwangusha Stephen Wasira pale Bunda Mjini. Wasira aliingia Bungeni mara ya kwanza mwaka 1970, kabla Bulaya hajazaliwa.

Na yupo mmoja aliyevuka akafika mbali kuliko wote. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalumu. Mwaka 2010 akagombea jimbo la Makunduchi. Yaliyofuata unayajua. Wanaosema "viti maalumu ni shule" wana mfano wao, tena mkubwa.

Je, wajua kwamba ukomo wa Samia mwenyewe unategemea hesabu ya miezi? Katiba inasema Makamu wa Rais akirithi kiti muda uliobaki ukiwa chini ya miaka mitatu, anaweza kugombea mara mbili. Ukiwa mitatu au zaidi, mara moja tu. Machi 2021, Samia alipokirithi, ilikuwa imebaki zaidi ya miaka minne. Hivyo mara moja.

Wajua kwamba tuliwahi kukaribia kuwawekea wabunge wote ukomo? Rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba, maarufu kama Rasimu ya Warioba, ilipendekeza vipindi vitatu vya miaka mitano, kisha basi. Ilipendekeza pia wapigakura wawe na haki ya kumwita mbunge wao arudi nyumbani kabla ya muda. Na jambo ambalo watu wamelisahau: rasimu hiyohiyo ilikuwa inaviondoa viti maalumu, na badala yake kila eneo la uchaguzi lichague wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, kwa kura za wananchi. Kando yao wangekuwepo watano wa kuteuliwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ona jinsi vipande vilivyoshikana: ukomo kwa wote, na mlango wa mwanamke uwe wa kura kama wa mwanamume.

Je, wajua Bunge Maalum la Katiba lilifanya nini na vipande hivyo? Oktoba 2014 lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Usawa wa idadi ya wanawake na wanaume ulibaki. Ukomo wa wabunge uliondolewa, na haki ya kumrudisha mbunge nayo ikaenda na maji. Wengi wa waliopiga kura hiyo walikuwa wabunge. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na hadi leo haijapigwa.

Wajua, tukiwa hapohapo, kwamba Bunge Maalum lilikuwa na wajumbe 201 wa kuteuliwa kutoka makundi? Ishirini wa watu wenye ulemavu, 20 wa wakulima, 10 wa wafugaji, 10 wa wavuvi, 19 wa vyama vya wafanyakazi, na kuendelea. Hawajawahi kukaa ukumbi mmoja wa kitaifa kwa wingi ule tena.

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwa na mbunge mwenye ualbino aliyechaguliwa jimboni? Salum Khalfan Bar'wani, Lindi Mjini, mwaka 2010, kwa tiketi ya CUF. Kabla yake, mwaka 2008, Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa na Rais Jakaya Kikwete, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yakitikisa Kanda ya Ziwa. Mmoja aliingia kwa kura, mwingine kwa uteuzi. Bar'wani alikaa kipindi kimoja. Hakuhitaji kanuni ya ukomo ili atoke. Wapigakura na ushindani vilitosha. Kwa watu wa makundi madogo mara nyingi ukomo huja wenyewe, tena mapema.

Wajua kwamba Nyanda za Juu Kusini ziliwahi kumchagua mwanamke Mzungu, mzaliwa wa Marekani? Lady Marion Chesham alikuwa mlowezi wa huku kwetu. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliweka utaratibu wa kura tatu: kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. TANU, katika mkutano wa Tabora Januari 1958, ulioitwa wa Uamuzi wa Busara, iliamua kushiriki badala ya kususa. Ikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, Lady Chesham akiwamo. Huko kaskazini Sophia Mustafa, Mwasia, aliingia kwa njia hiyohiyo.

Na je, wajua kwamba viti hivyo vya rangi vilikuwa na mwisho wake? Uchaguzi wa 1960 ulikuwa na viti 71: 50 vya wote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. TANU ilichukua 70. Kufikia uchaguzi wa 1965 viti vya rangi havikuwepo tena. Wengi walitabiri kwamba bila uzio huo hakuna Mwasia wala Mzungu atakayechaguliwa. Amir Jamal na Derek Bryceson waligombea mwaka huo mbele ya wapigakura ambao karibu wote walikuwa Waafrika, wakashinda. Katika uchaguzi uleule Bibi Titi Mohamed, sauti iliyowakusanya wanawake wa TANU tangu miaka ya 1950, alipoteza kiti chake cha Rufiji. Historia haiwi na huruma ya kupanga mifano yake upande mmoja.

 

Je, wajua kwamba ushahidi mzuri kuliko wote wa ukomo kuwasaidia wanawake uko Kenya, tena si bungeni? Katiba ya Kenya ya 2010 haikuwawekea ukomo wabunge wala maseneta, lakini magavana iliwapa vipindi viwili. Mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa gavana. Mwaka 2017 wakawa watatu. Mwaka 2022, ambapo magavana wa kwanza walikuwa wanamaliza miaka kumi, wakawa saba. Sasa tazama wanne kati ya saba: Fatuma Achani wa Kwale alimrithi Salim Mvurya aliyemaliza vipindi viwili. Wavinya Ndeti wa Machakos alimrithi Alfred Mutua aliyemaliza viwili. Gladys Wanga wa Homa Bay, baada ya Cyprian Awiti, vivyo hivyo. Cecily Mbarire wa Embu, baada ya Martin Wambora, vivyo hivyo. Viti vilikuwa wazi. Hawakuhitaji kumng'oa mwenye kiti aliye na gari la serikali na bajeti ya kaunti nyuma yake.

Usisahau, hata hivyo, kwamba hawakutoka hewani. Achani alikuwa naibu wa Mvurya. Wanga alikuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, kiti cha wanawake pekee. Ukomo uliacha nafasi wazi, na viti vya wanawake vilikuwa vimeshaandaa mtu wa kuijaza. Wakenya wanavyo vyote viwili, na kila kimoja kimewekwa mahali pake.

Wajua Uganda wana ukomo unaohesabiwa kwa miaka ya kuzaliwa? Wawakilishi wa vijana bungeni lazima wawe kati ya miaka 18 na 30. Ukitimiza 31, huwezi kukigombea tena kiti hicho. Wenye ulemavu nao wana viti vitano, lakini hawana kikomo cha umri wala vipindi. Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia mwaka 1996 na akakaa zaidi ya miaka 20. Waliomtaka abaki walisema anajua kila kona ya jengo. Waliomtaka aondoke walisema viti ni vitano tu nchi nzima. Wote walikuwa sahihi.

Je, wajua kwamba Burundi wanawapa Watwa wabunge watatu na maseneta watatu bila uchaguzi? Katiba yao ya 2005 iliweka hivyo, pamoja na Wahutu 60 na Watutsi 40 kwa kila 100 katika Bunge. Jamii ndogo kama ya Watwa ingesubiri milele kushinda tarafa moja kwa kura.

Wajua Mahakama Kuu ya Kenya iliamua nini mwaka 2006 kuhusu Ilchamus wa pembezoni mwa Ziwa Baringo? Kwamba jamii ndogo isiyoweza kumchagua mtu wake kwa sababu imezungukwa na kabila kubwa ina haki ya uwakilishi. Walikuwa wamemezwa na jimbo la Baringo ya Kati, lililoshikwa na Daniel arap Moi kwa miongo. Nani angemshinda Moi kwao?

Je, wajua kwamba Wamarekani walikwishajaribu ukomo wa wabunge hadi wakachoka na kuurekebisha? California, Novemba 1990, walipitisha ukomo mkali: miaka sita katika Baraza la chini, minane katika Seneti. Spika alikuwa Willie Brown, Mmarekani mweusi aliyeshika kiti tangu 1980, na sura yake ndiyo ilitumika sana kuipigia debe kura hiyo. Brown akaondoka. Je, wachache walipoteza? Kwa kiti kile, ndiyo. Lakini viti vilivyoachwa wazi viliingiwa na Walatino kwa wingi. Mwaka 1996 Cruz Bustamante akawa Spika, miaka mitatu tu baada ya kuingia. Mwaka 2008 Karen Bass, mwanamke mweusi, akawa Spika, miaka minne baada ya kuchaguliwa. Brown alitumia miaka 16 kufika hapo. Tofauti ni kwamba Brown alikaa karibu miaka 15, Bass miaka miwili. Mwaka 2012 wapigakura wakalegeza kamba: miaka 12 kwa jumla, popote utakapoitumia.

Wajua Ufilipino ukomo ulizaa nini? Vipindi vitatu mfululizo vya miaka mitatu, kisha mbunge anapumzika. Mara nyingi anayemshikia kiti ni mke, mume, mtoto au kaka, na mwenyewe anarudi baadaye. Wanawake wameongezeka bungeni kwa njia hiyo, lakini jina la ukoo likibaki lilelile mlangoni.

Je, wajua kwamba nchini kwetu ukomo umefanya kazi vizuri mahali ambapo hapakuwa na makelele? Machi 2024 Zitto Kabwe alimaliza muda wake kama Kiongozi wa Chama cha ACT Wazalendo, akaondoka. Dorothy Semu akachukua nafasi. Chadema nao, katika uchaguzi wao wa Januari 2025, ukomo wa madaraka ulikuwa miongoni mwa hoja za Tundu Lissu dhidi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa ameshika uenyekiti tangu 2004.

Wajua kwa nini kanuni ya chama kimoja inazidi kuwa na uzito? Oktoba 2025 Chadema haikuwemo kwenye karatasi za kura. Bunge likiwa karibu lote la chama kimoja, CCM, kanuni ya ndani ya chama hicho juu ya nani akae miaka mingapi inafanya kazi ya sheria ya nchi, ingawa haikujadiliwa bungeni na mtu wa Soweto hakuulizwa.

Na je, wajua Mbeya ilipata nini mwaka huohuo? Jimbo la ziada. Mbeya Mjini iligawanywa, likazaliwa Uyole, na huko ndiko Dk. Tulia alikokwenda kugombea. Nchi nzima majimbo yaliongezeka kutoka 264 hadi 272. Kila jimbo jipya ni kiti kisicho na mwenyewe, jambo ambalo ukomo ungelifanya kila baada ya miaka kumi bila kuongeza kiti hata kimoja.

Wajua, la mwisho, nani atakuwa gavana wa kwanza mwanamke Kenya kufungwa na ukomo? Kati ya wale watatu wa 2017, Joyce Laboso wa Bomet alifariki mwaka 2019. Charity Ngilu wa Kitui alijiondoa kinyang'anyironi mwaka 2022. Amebaki Anne Waiguru wa Kirinyaga, aliyeshinda tena, na muda wake wa pili unafika kikomo mwaka 2027.